Elimu Iliyobaki kwa Mtu Mmoja

Ndugu msomaji, leo tunaleta mbele yako mas-ala moja ambayo huonekana nyepesi mpaka mtu akae nayo. Ikiwa elimu yenye manufaa imebaki katika kifua cha mtu mmoja tu, na mtu huyo mwenendo wake ni mbaya, je, tuichukue kwake au tuiache ife pamoja naye?

Wako watakaojibu upesi kwamba tuichukue, kwani dhahabu haigeuki shaba kwa kuokotwa jaani. Na wako watakaojibu upesi vile vile kwamba tuiache, kwani maji mazuri yakitiwa katika chombo kichafu hayanyweki. Wote wawili wamekwenda mbio. Mas-ala hii iliwahi kuwakuta watu, na kisa chao kimehifadhiwa katika sharhi za vitabu vya dini ya Kibudha, yaani katika maelezo yaliyoandikwa juu ya vitabu hivyo huko Ceylon, nchi ambayo tangu mwaka 1972 huitwa Sri Lanka.

Huenda ukasema: Mwislamu wa Lamu au wa Tanga ana haja gani na habari za Mabudha? Jawabu letu ni mawili. Kwanza, watu hao hawako mbali nasi. Dar es Salaam lipo hekalu lao, lililoanzishwa na watu waliotoka Ceylon wakati wa ukoloni, na humo maneno ya dini yao husomwa kwa lugha ya Kipali. Pili, hatuzungumzi hapa juu ya itikadi yao. Itikadi yetu inajulikana, nayo ni Tauhidi. Tunazungumza juu ya jinsi watu wanavyolinda neno walilopokea kwa wakubwa wao, na katika jambo hilo hatari iliyowakabili wao hutukabili na sisi.

NENO LISILOANDIKWA

Budha aliishi kaskazini ya India. Watu wa Ceylon huhesabu kuwa alikufa mwaka 544 au 543 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Wataalamu wengi wa leo huona kuwa ilikuwa karibu na mwaka 400. Hakuandika kitabu. Mapokeo yao yasema kwamba baada ya kufa kwake wafuasi walikutanika katika mji wa Rajagaha. Mmoja aliyeitwa Upali akasoma kwa moyo kanuni za watawa, na Ananda, aliyekuwa mtumishi wake wa karibu, akasoma mafundisho. Kwa ajili hiyo mafundisho mengi huanza kwa msomaji kueleza kwamba hivi ndivyo alivyosikia. Aliyezoea isnadi za Hadithi ataijua sauti hiyo mara moja. Msemaji anakiri kuwa maneno si yake, ameyapokea.

Zikapita karne kadha maneno hayo yakikaa vifuani. Kazi ya kuhifadhi iligawanywa: kundi moja la wasomaji lilihifadhi mafundisho marefu, jingine mafundisho ya wastani, na mengine yakapewa mafungu yao. Jumla ya yote huitwa Vikapu Vitatu, yaani kanuni za watawa, mafundisho, na uchambuzi wa mafundisho. Mtu akivisoma leo huchoshwa na marudio, maana sentensi moja huweza kurejewa mara kumi kwa kubadilishwa neno moja tu. Lakini maneno hayo yalipangwa kwa ajili ya ulimi na sikio. Marudio ni vigingi vinavyoishika kamba ya kumbukumbu isichukuliwe na upepo. Na walisoma kwa pamoja, kama wasomavyo watoto wetu chuoni: mmoja akiteleza, wenzake huendelea na kosa lake husikika.

Lugha yenyewe ina habari yake. Neno *pali* hapo kwanza halikuwa jina la lugha. Lilikuwa na maana ya matini ya dini yenyewe, mbali na sharhi zake. Baadaye ndipo watu wakaiita kwa jina hilo lugha ya matini hiyo. Wenyewe husema ni lugha ya Magadha, nchi aliyotembea Budha. Lakini wataalamu walipoilinganisha na maandishi ya mawe ya mfalme Ashoka, ya karne ya 3 kabla ya Nabii Isa, waliona ina alama nyingi za lahaja za magharibi ya India, na Magadha iko mashariki. Maneno yalisafiri, na kila yalipopita yalichukua rangi ya vinywa vya watu. Tena Kipali hakina herufi zake. Ceylon huandikwa kwa herufi za Kisingala, Burma kwa za Kiburma, Thailand kwa zao, na katika vitabu vya Ulaya kwa herufi za Kirumi. Sisi wenye Kiswahili hatustaajabu: lugha yetu ilivaa herufi za Kiarabu kwa karne kadha, kisha ikavishwa za Kirumi, nayo ni ile ile.

Wanasimulia pia kwamba watawa wawili wenye asili ya Kibrahmani walimlalamikia Budha kuwa watu wa kila ukoo wanayaharibu maneno yake kwa lugha zao, wakataka yatiwe katika mtindo wa wanavyuoni wa zamani. Akakataa, akaamuru watu wajifunze kwa lugha yao. Lakini "yao" ni ya nani? Buddhaghosa, mfasiri wao mkubwa wa karne ya 5, alisema ni lugha ya Budha mwenyewe. Wengi wa wataalamu wa leo husema ni lugha ya kila msikilizaji. Neno lilihifadhiwa vizuri, aliyelisema hayupo wa kuulizwa, na watu bado wanahitilafiana. Basi kuhifadhi peke yake hakutoshi; hutakiwa na mtu anayefahamu alichohifadhi.

NJAA ILIPOINGIA

Katika karne ya 1 kabla ya Nabii Isa, zama za mfalme Vattagamani, mambo matatu yaliiangukia Ceylon pamoja: uasi wa Brahmana aliyeitwa Tissa, uvamizi kutoka kusini ya India, na njaa. Sharhi zao zasema taabu hiyo ilidumu miaka 12. Watawa wengi walivuka bahari. Sitini, kwa hesabu ya sharhi, walibaki, wakila mizizi na majani. Miili ilipokuwa na nguvu walikaa wakidurusu. Iliposhindwa kukaa walikusanya mchanga, wakalala wameweka vichwa vyao pamoja, wakaendelea kudurusu. Njaa ilipokwisha wakarudi wale waliovuka, watu 700, wakalinganisha walichokuwa nacho na kilichobaki kwa hawa. Sharhi yasema hapakuonekana hitilafu hata ya herufi.

Watu wa Ugogo hawahitaji kuelezwa njaa hufanya nini. Hapa Ipagala, Dodoma, ninakokaa na kusomesha, nchi hutegemea mvua za msimu mmoja, za Desemba mpaka Aprili. Zikikatika katikati, hakuna vuli ya kumwokoa mkulima kama kwenu pwani. Historia ya nchi hii haiisahau njaa iitwayo Mtunya, ya baina ya mwaka 1918 na 1920. Katika Vita Vikuu vya Kwanza majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalikuwa yamekwisha kuwachukulia watu ng'ombe na nafaka, kisha mvua nayo ikakosa. Watu walikufa kwa maelfu. Aandikaye habari za njaa huhesabu maiti. Ni nadra kuhesabu vilivyokuwa vifuani mwao. Na njaa huanza na wazee na watoto, yaani huanza na yule anayejua na yule ambaye angejifunza.

Ndivyo ilivyokuwa Ceylon. Katika taabu ile kitabu kimoja, kiitwacho Mahaniddesa, kilibaki kwa mtawa mmoja tu. Na mtawa huyo alikuwa na sifa mbaya.

"NITAKAA KARIBU NAWE"

Mwanachuoni mmoja mkubwa wa watawa, aliyehifadhi Vikapu vyote vitatu, alimwita mtawa aitwaye Maharakkhita akamwambia aende akakichukue kitabu hicho kwa yule mtu. Maharakkhita akakataa, akasema mtu yule ni mwovu na hatajifunza kwake. Mkubwa wake hakumkemea, wala hakumwambia kwamba sifa ile ni uzushi. Alimwahidi jambo moja, kwamba yeye mwenyewe atakaa karibu naye wakati wa kusoma. Hapo Maharakkhita akakubali. Akasoma usiku na mchana bila ya kupumzika. Siku ya mwisho akaona mwanamke amefichwa chini ya kitanda cha yule mtawa, aliyekuwa na ahadi ya kujizuia na wanawake maisha yake yote. Akasema kwamba mpaka siku ile alikuwa amesikia tu, na lau angejua hasa, asingalisoma kwake. Baadaye watawa wengi walikichukua kitabu kwa Maharakkhita, nacho kipo mpaka leo.

Sasa, ndugu msomaji, itazame mas-ala yetu. Maharakkhita amekiri kwamba lau angekuwa na yakini, kitabu kingepotea. Kiliokoka kwa sababu alikuwa na shaka tu. Je, yakini yake ingekuwa haki?

Tukiuliza wanavyuoni wetu wa Hadithi, jawabu lao ni kali. Wao waliweka masharti kwa mpokezi, na makubwa ni mawili: awe mwadilifu, na awe mwenye kudhibiti anachokipokea. Hodari wa kuhifadhi asiyekuwa mwadilifu hakubaliwi, na mcha Mungu anayechanganya maneno hakubaliwi pia. Muhammad bin Sirin wa Basra, aliyekufa mwaka 110 wa Hijria (729), amepokewa akiwaonya watu watazame ni nani wanayemchukulia dini yao. Kwa mizani hii yule mtawa anakataliwa. Aliyevunja ahadi yake kubwa, nani atamdhamini kwamba hakuvunja na hii ndogo ya kutozidisha neno?

Na hivyo ndivyo ilivyo sawa. Lakini jiulize: kwa nini wanavyuoni wetu waliweza kuwa wakali namna ile? Ni kwa sababu wapokezi walikuwa wengi. Imam Bukhari aliweza kuacha maelfu na bado akabakiwa na maelfu. Mwenye visima kumi huweza kukifunga kile chenye maji ya chumvi. Mwenye kisima kimoja, na hapa Dodoma tunawajua watu wa kisima kimoja, huyanywa maji hayo hayo. Basi uwezo wa kuchagua mwalimu mwema ni neema iletwayo na wingi wa walimu. Watu wakiacha elimu ipungue mpaka ibaki kwa mmoja, wamekwisha kuitupa haki yao ya kuchagua.

Kwa hiyo lawama haimwangukii Maharakkhita kwa kusoma, wala mkubwa wake kwa kumpeleka. Walikuwa katika dharura, na fiqhi yetu yatufundisha kwamba dharura ina hukumu yake, nayo hupimwa kwa kadiri yake, haizidishwi. Angalia walivyoipima. Kwanza, hakupelekwa mtoto. Alipelekwa mtu mzima anayejua kupambanua. Pili, hakuachwa peke yake. Mkubwa alikaa pale. Kukaa kwake hakukukilinda kitabu, kwani hakukijua, kulimlinda mwanafunzi. Tatu, walifanya haraka, usiku na mchana, ili asihitajiwe tena mtu yule na mtu yeyote. Nne, elimu ilipotoka kwake iligawiwa kwa wengi.

Hapa nawaambia wazazi jambo bila ya kuzungukazunguka. Iko mitaa ambamo mwalimu husifiwa kwa kisomo chake, na chini kwa chini husemwa kwa mwenendo wake kwa watoto, nao wazazi hunyamaza kwa kuwa hakuna mwingine anayesomesha vizuri kama yeye. Wasijitetee kwa kisa hiki. Mtoto hawezi kujilinda wala hawezi kupima, na hakuna herufi katika elimu yoyote inayonunuliwa kwa kudhuriwa mtoto. Mwalimu wa namna hiyo huondolewa, na habari yake hupelekwa panapohusika. Darasa likisimama mwezi mmoja, litasomwa mwezi wa pili. Na hata kwa mwalimu aliye mwema, mlango uwe wazi na mtu mzima awe karibu, kama alivyofanya yule mzee wa Ceylon.

MZIZI NI UPI?

Sharhi hizo hizo zasimulia kwamba baada ya njaa watawa walibishana: mzizi wa dini ni kujifunza au ni kutenda? Waliojinyima wakavaa matambara walisema ni kutenda. Wasomeshaji walisema ni kujifunza, na hao ndio walioshinda. Mmoja wa mifano yao ni wa ng'ombe: hata wakiwapo madume mia au elfu, kama hakuna jike wa kuendeleza kizazi, kundi limekatika. Mfugaji wa Kigogo hahitaji tafsiri ya mfano huu. Mtu mwema asiye na elimu ya kuiacha nyuma, wema wake huzikwa pamoja naye. Bali palipobaki maneno, huenda akazaliwa kesho mtu atakayeyatenda.

Hoja yao ina nguvu, lakini yataka kutiwa pembeni kitu cha pili. Katika Suratul Jumu'a Mwenyezi Mungu amewapigia mfano wa punda abebaye vitabu wale waliobebeshwa Taurati wasiichukue ipasavyo. Na kisa cha Mahaniddesa chenyewe chashuhudia. Kwa nini kitabu kile kilikaribia kupotea hali wanafunzi walikuwapo? Kwa sababu hapana aliyetaka kukaa mbele ya mtu yule. Uovu wake haukugeuza hata neno moja la kitabu, lakini uliwakimbiza wanafunzi, na kitabu kisicho na mwanafunzi kinakufa pole pole. Basi amali njema si matunda ya elimu tu. Ni ua linaloizunguka shamba, ambalo bila yake hakuna anayekubali kuingia kuvuna. Mwenye elimu akiharibika, huikata silsila kwa pande mbili: yeye mwenyewe hafaidiki, na wa baada yake hawafiki.

KUANDIKA KUNATOSHA?

Baada ya taabu ile watawa wa Ceylon waliamua kuandika. Mapokeo ya baadaye yasema ilikuwa katika mapango ya Aluvihara, karibu na Matale, nao waliandika juu ya makuti. Utakumbuka yaliyotokea kwetu katika ukhalifa wa Sayyidna Abu Bakr. Mahafidhi wengi waliuawa katika vita vya Yamama, Sayyidna Umar akaogopa, na Zaid bin Thabit akapewa kazi ya kuikusanya Qur'ani. Zaid alikuwa hafidhi mwenyewe, lakini hakutosheka na kifua chake. Alitaka maandishi na alitaka mashahidi. Alikutanisha kalamu na kifua.

Kwani maandishi peke yake ni dhaifu. Katika nchi za joto makuti huliwa na wadudu. Kurasa kongwe kabisa za Kipali za makuti zinazojulikana leo zilikutwa Nepal, za karne ya 8 au ya 9. Na nakala nyingi zilizobaki huko Ceylon na Burma zina umri wa miaka mia chache tu. Maneno yalifika kwa kuwa kila kizazi kilinakili upya na kusomesha upya. Huko Burma, mfalme Mindon aliyaandikisha juu ya mawe 729 ya marumaru katika karne ya 19, na bado watawa wa nchi hiyo wakaendelea kushindana kuyahifadhi kwa moyo. Walifahamu kwamba jiwe halijibu suala.

Sasa turudi kwetu pwani. Makasha ya babu zetu yalijaa maandishi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu: tenzi, barua, hati za wakfu, mirathi, dawa. Utendi wa Tambuka ulitungwa Pate mwaka 1728. J. W. T. Allen na wenzake walikusanya mamia ya nakala kwa ajili ya chuo kikuu cha Dar es Salaam, na orodha yake ikachapishwa mwaka 1970. Ni kazi ya kushukuriwa. Lakini mpe kijana aliyehitimu Juzuu Amma barua ya babu yake, atazitaja herufi na asielewe neno, kwa kuwa hajafundishwa vipi wazee waliandika *p*, *ch* na *ng'* kwa herufi ambazo Kiarabu hakina. Karatasi ipo, lugha ni yake, na baina yao limekatika daraja la mtu mmoja aliyekuwa akijua. Kupiga picha karatasi hiyo kwa simu ni vyema, lakini picha nayo inahitaji msomaji.

Tazama na mtaa wako. Ni wanawake wangapi wanaojua kumwosha maiti kwa sheria? Ikiwa ni bibi mmoja, na akiitwa usiku hutoka na mkongojo wake, basi mtaa mzima uko katika hatari ya dhambi. Hii ni fardhi kifaya: wakiitekeleza wachache, wengine wamesamehewa, wakiiacha wote, wote wanabeba. Wengi wetu tumelifahamu neno kifaya kuwa ni ruhusa ya kupumzika. Asili yake ni hesabu: kila mtaa ujue ni nani wanaotosha, na kama hawatoshi, nani atasimama. Ni wangapi wanaoweza kugawanya mirathi bila ya kukosea mafungu? Ni wangapi wanaosoma hati ya wakfu wa msikiti wenu? Kila panapojibiwa "yupo mzee fulani", na likasimama jina moja tu, jua kwamba njaa imekwisha kuingia mtaani ingawa maduka yamejaa mchele.

Dawa ni nyepesi kuisema. Mpeleke kwake binti yako na binti wa jirani, wawili wasipungue, wajifunze naye akiwa hai na mwenye furaha ya kufundisha. Usingoje mpaka abaki mmoja, kisha abaki yule ambaye hungependa mwanao akae mbele yake. Siku hiyo utasimama pale aliposimama Maharakkhita, wala huna uhakika kwamba utampata mzee wa kukaa karibu nawe.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe kuipokea elimu kwa watu wake, kuitenda, na kuikabidhi kwa wengi. Wallahu aalam.